Ukiwa na chini ya kilo 62, kiti hiki kingeweza kukuvunja shingo

Panda mizani kwanza. Ukisoma chini ya kilo 62, basi kati ya mwaka 2015 na 2017 kuna kazi moja usingepewa hata kama ulikuwa mwerevu kuliko darasa zima: kurusha F-35, ndege mpya ya kivita ya Marekani. Macho yako yangekuwa sawa, misuli ingekuwa sawa. Shida ingekuwa shingo.

Katikati ya 2015 wahandisi waliketisha wanasesere wepesi kwenye kiti cha dharura cha ndege hiyo, wakakifyatua, kisha wakasoma vipimo. Shingo za wanasesere zilikuwa zimepigwa na nguvu ambayo binadamu wa uzito huo huenda asingepona. Agosti mwaka huo Jeshi la Anga la Marekani likaweka marufuku: aliye chini ya pauni 136, yaani karibu kilo 62, asiketi humo. Sasa angalia wasee wa mtaani kwenu uniambie ni wangapi wangefuzu. Mimi mwenyewe nikivaa koti na viatu ndio naanza kukaribia.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza, swali lililonikaa kichwani lilikuwa moja. Walijuaje? Kiti kinafyatuka na kumaliza kazi yake kabla hujamaliza kupiga chafya mbili. Utapimaje kitu kinachopaa na moto chini yake, kinachojipindua hewani, na ambacho kila kipande chake kinaelekea upande wake? Nikaingia kuchimba. Niliacha chuo kabla hatujafika somo la mawimbi, kwa hivyo haya nimeyapata kwa bando na subira. Na kati ya vifaa vinavyotumika nikakuta kimoja ambacho wewe unacho mfukoni sasa hivi: GPS. Ndiyo, ile ile inayomwambia mtu wa boda kwamba keja yako iko katikati ya Mto Nairobi.

Tuanze na kiti chenyewe, maana ukiona sinema unadhani ni springi tu.

Chini ya kiti cha ndege ya kivita kuna baruti na roketi. Mambo yakiharibika, rubani anavuta kishikio. Kioo cha juu kinavunjwa au kurushwa kando, baruti inakisukuma kiti juu kwenye reli zake fupi, roketi inawaka na kukiondoa mbali na ndege. Kiparachuti kidogo kinatoka ili kukituliza, halafu parachuti kubwa inafunguka na kiti kinaachana na rubani. Ndege ikiwa karibu na ardhi, safari hiyo yote kuanzia kuvuta hadi kuning'inia huchukua kama sekunde 3 hivi. Viti vya kisasa vinaweza kukuokoa hata ndege ikiwa imesimama tuli kwenye uwanja, kwa kuwa vinakurusha juu kiasi cha parachuti kupata nafasi.

Bei ya kuokolewa hivyo unailipa na mwili. Kwa muda mfupi unahisi uzito wako umezidishwa mara 12, 15, wakati mwingine zaidi. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 4 na nusu. Helmeti ya F-35, iliyojaa skrini na kamera, ilikuwa na zaidi ya kilo 2. Jumlisha, kisha zidisha mara 15. Unapata kama kilo 100. Gunia la mahindi ni kilo 90. Yaani shingo yako inabebeshwa gunia na ushee, na rubani mwenye mwili mdogo ana shingo nyembamba ya kulibeba gunia lile lile.

Usidhani ni habari za ng'ambo pekee. F-5 za Jeshi letu la Wanahewa, zile zinazotikisa mabati Nanyuki na kupita angani siku kuu za kitaifa, zina viti vya kufyatuka. Kuna watu wetu wanaovikalia wakienda kazini.

Viti hivi vina historia ndefu. Kampuni ya Uingereza ya Martin-Baker, ambayo ndiyo hutengeneza cha F-35, iliingia kwenye kazi hii baada ya mmoja wa waanzilishi wake, Valentine Baker, kufa mwaka 1942 akijaribu ndege yao. Mwenzake James Martin akakazana na usalama wa marubani, na tarehe 24 Julai 1946 fundi wa kampuni hiyo, Bernard Lynch, akakubali kurushwa kutoka kwenye ndege iliyokuwa angani. Akatua salama. Kampuni inahesabu zaidi ya watu 7,700 waliookolewa na viti vyake tangu hapo.

Lakini uliza viti hivyo vilipimwa kwa mwili wa nani. Kiti cha Marekani kiitwacho ACES II, ambacho kimebeba marubani wa F-15 na F-16 kwa miaka mingi, mwanzoni kilithibitishwa kwa watu wa pauni 140 hadi 211, yaani kama kilo 63 hadi 96. Huyo ni mwanamume wa Kimarekani, wa miaka ile ambayo wanawake hawakuruhusiwa kurusha ndege za mapigano. Marufuku hiyo iliondolewa Aprili 1993. Ghafla kukawa na marubani wa kilo 50 na kitu, na kiti kilichowahi kuwaona tu kwenye picha. Ndipo ikaamuliwa kwamba viti vipya viweze kubeba kuanzia pauni 103 hadi 245, takriban kilo 47 hadi 111.

Wanasesere wawili wa kupima ncha hizo mbili wana majina. Mwepesi anaitwa LOIS, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mtumiaji mwepesi zaidi aliye kazini. Mzito anaitwa LARD, na neno hilo kwa Kiingereza ni mafuta ya nguruwe. Wahandisi nao wana vijembe.

Sasa, huwezi kumtuma LOIS hewani kwenye ndege ya mamilioni ya dola kila unapotaka kujaribu kitu. Kwa hivyo wanajenga reli. Juu ya reli wanaweka pua ya ndege iliyokatwa, ikiwa na kiti na mwanasesere ndani, imefungwa kwenye kigari kisicho na magurudumu. Kinateleza kwa viatu vya chuma vilivyokumbatia reli, na nyuma yake ni roketi. Wanakiita sledi. Roketi zinawaka, sledi inashika kasi ya ndege inayopaa au ya ndege iliyo vitani, na mahali palipopangwa kiti kinafyatuka.

Reli za namna hii si nyingi duniani. Ya Holloman, jimbo la New Mexico, ina urefu wa zaidi ya kilomita 15, na mwezi Aprili 2003 sledi moja ilikimbia hapo zaidi ya kilomita 10,000 kwa saa. Hiyo haikuwa ya kiti, usiogope. Martin-Baker ina yake huko Langford Lodge, Ireland Kaskazini, kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa wakati wa vita. Ninayoipenda mimi ni ya Hurricane Mesa, Utah. Ilijengwa miaka ya 1950 juu ya mlima wenye kilele bapa, na reli inaishia kwenye ukingo wa jabali. Kiti kikifyatuliwa pale ukingoni, mwanasesere anapata mamia ya mita za hewa chini yake ili parachuti ifunguke vizuri. Mtu aliketi ofisini akawaza hivyo, na akapewa pesa.

Kabla ya wanasesere kuwa werevu, walipimwa watu. Tarehe 10 Desemba 1954, daktari wa kijeshi John Paul Stapp alijifunga kwenye sledi pale Holloman, akafika kilomita 1,017 kwa saa, kisha akasimamishwa kwa sekunde 1.4. Mwili wake ulipitia nguvu ya mara 46 ya uzito wake. Macho yalijaa damu na kwa muda hakuona. Aliishi hadi 1999. Mwaka 1962 wakamfunga dubu ndani ya kidonge cha kuokolea cha ndege ya B-58 na kumfyatua hewani kwa kasi kuliko sauti. Alitua akiwa hai. Sijui alifikiria nini kuhusu binadamu baada ya hapo.

Haya, turudi kwenye kupima, kwa sababu hapa ndipo utamu ulipo.

Njia ya kwanza ni kamera. Kandokando ya reli wanapanga kamera za kasi, zinazopiga picha mamia au maelfu kwa sekunde. Mwanasesere na kiti vinachorwa alama nyeusi na nyeupe, na baadaye mtu anapitia picha moja baada ya nyingine akitafuta alama hizo ziko wapi. Kamera haidanganyi, ila inaona inachoona. Moshi wa roketi ukipita mbele, kwisha. Kiti kikigeuka na alama zikawa upande wa pili, kwisha. Kiti kikiruka juu kuliko ulivyotarajia, kinatoka kwenye picha.

Njia ya pili ni vihisi vilivyo ndani ya mwanasesere. Kwenye shingo kuna kifaa kinachopima jinsi inavyovutwa, kugandamizwa na kupindwa. Kwenye kichwa na kifua kuna vihisi vya mchapuko, yaani vinavyosoma jinsi kasi inavyobadilika. Hivi vinasoma maelfu ya mara kwa sekunde na havijali moshi. Shida yao ni hesabu. Kihisi cha mchapuko hakijui kiko wapi. Kinakuambia tu umesukumwa kiasi gani, na wewe unajumlisha misukumo hiyo kupata kasi, kisha unajumlisha kasi kupata mahali. Kosa dogo linajumlishwa mara mbili. Chukua kihisi kinachokosea kwa asilimia 1 tu ya nguvu ya uvutano. Baada ya sekunde 10 kitakuwa kimekupoteza kwa karibu mita 5. Baada ya sekunde 20, mita 20. Na mwanasesere akining'inia kwenye parachuti anaweza kuchukua muda kuliko huo kufika chini. Ongeza kwamba kiti kinapojipindua, kihisi hakijui tena juu ni wapi. Ni kama kuhesabu hatua zako ukiwa umefungwa macho, huku mtu anakuzungusha.

Unahitaji kitu cha nje cha kumwambia mwanasesere: hapana, uko hapa.

GPS ni setilaiti zaidi ya 24 zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Kila moja inatangaza jambo lile lile bila kuchoka: mimi ni fulani, niko mahali fulani, saa yangu inasema hivi. Ujumbe unasafiri kwa kasi ya mwanga, na unakufikia baada ya kama sehemu 7 za mia za sekunde. Simu yako inalinganisha muda ujumbe ulipotoka na ulipofika, inapata umbali, na ikiwa na setilaiti nne inaweza kukokotoa ulipo. Kila kitu ni saa. Ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Ndiyo maana saa za setilaiti hurekebishwa hata kwa nadharia ya Einstein: huko juu zinakimbia mbele kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku, na zikiachwa hivyo, lokesheni yako ingepotea kwa kilomita 11 hivi kabla ya kesho.

Wimbi lenyewe ni dhaifu kupindukia. Kila setilaiti inatangaza kwa nguvu za kukaribia balbu moja ya nyumbani, na wewe uko kilomita 20,200 chini yake. Ukiwa River Road katikati ya majengo, baadhi ya mawimbi yanagonga ukuta kabla ya kukufikia, yanapita njia ndefu, na simu inadhani uko mbali kuliko ulipo. Hapo ndipo mtu wa boda anaanza kukupigia, "Nimefika, uko wapi?"

Lakini kuna njia ya pili ya kulisoma wimbi hilo, na wapima ardhi wanaijua vizuri. Badala ya kusoma ujumbe tu, unahesabu mawimbi yenyewe. Kila wimbi lina urefu wa sentimita 19. Ukiweza kujua uko kwenye wimbi la ngapi na sehemu gani ya wimbi hilo, unashuka kutoka kosa la mita hadi sentimita. Kwa hilo unahitaji kipokezi cha pili kilichotulia mahali panapojulikana kabisa, kisikie setilaiti zile zile na makosa yale yale ya hewa, ili uyatoe. Wale jamaa uliowaona kwenye mjengo wa barabara wakiwa na nguzo yenye kitu kama uyoga juu yake, hiyo ndiyo kazi yao. Na kule Malindi, kwenye kituo cha anga cha Waitaliano, kuna kipokezi cha kudumu ambacho data yake inaingia kwenye mtandao wa kimataifa wa vituo kama hivyo.

Basi unaweka GPS kwenye kiti, unaenda nyumbani. Sivyo?

Jaribu uone. Simu yako husoma mahali kama mara moja kwa sekunde. Kwa kilomita 1,100 kwa saa, kasi ya juu ambayo viti hivi hujaribiwa, unasonga mita 305 kila sekunde. Viwanja vitatu vya mpira kati ya nukta moja na nyingine. Tukio lote la kufyatuka lingeingia kwenye pengo hilo. Chukua kipokezi cha bei, kinachosoma mara 100 kwa sekunde. Bado ni mita 3 kati ya nukta, lakini sasa unaweza kuongea.

Halafu kuna shida mbaya zaidi. Kumbuka ile redio ya shosho yenye kitufe cha kuzungusha, ambayo stesheni ilikuwa ikihama kidogo naye anaifuata kwa kidole. Kipokezi cha GPS hufanya hivyo kwa kila setilaiti. Ukisonga kuielekea, mawimbi yanabanana, ukiikimbia yanatanuka, na kipokezi kinazungusha kitufe chake taratibu kulifuata. Taratibu ndiyo inayokiwezesha kusikia sauti hafifu namna ile. Sasa baruti inalipuka, na ndani ya sehemu chache za mia za sekunde kiti kimetoka kutulia hadi nguvu ya mara 12. Stesheni imeruka kutoka pale ilipokuwa. Kidole kimebaki pale pale. Kipokezi kinapoteza setilaiti zote kwa pamoja, na kinaanza kuzitafuta upya, kazi inayoweza kuchukua sekunde kadhaa. Kikizipata, LOIS tayari yuko kwenye majani.

Na ndani ya kipokezi kuna kipande cha kwatsi kinachotetemeka, ndicho saa yake. Kwatsi ikipigwa na nguvu kubwa, inabadilisha mdundo kidogo. Yaani saa yenyewe inayumba wakati ule ule unapoihitaji. Na antena? Umeiweka juu ya kiti ikitazama mbingu. Kiti kikapinduka. Sasa inatazama mchanga wa Utah.

Nikifika hapa nilikuwa nimeshaamua kwamba hii ni ndoto ya mtu. Ila kuna ujanja, na kwangu mimi ndio sehemu tamu ya hadithi yote: kifaa kinakatazwa kufikiri.

Badala ya kipokezi kujaribu kujua kiko wapi huku kikitupwa hewani, kinarekodi tu. Kinachukua mawimbi mabichi jinsi yanavyofika, pamoja na kelele zake, na kuyahifadhi kwenye memori iliyofungwa vizuri isipasuke. Hakitafuti stesheni, kwa hivyo hakina cha kupoteza. Baada ya kutua, mtu anaokota memori, anaiweka kwenye kompyuta yenye nguvu ambayo haina haraka, na kazi inafanyika akiwa na chai mezani.

Kompyuta hiyo ina faida ambazo kipokezi hakikuwa nazo. Kwanza, ina vihisi vya mchapuko vya kuiambia stesheni imehamia wapi. Vihisi vinakumbuka vizuri kwa muda mfupi na kusahau kwa muda mrefu. GPS ni kinyume chake. Ukivifunga pamoja, kila kimoja kinaziba tundu la mwenzake: vihisi vinajaza mita 3 kati ya nukta, nukta zinavirudisha vihisi njiani. Pili, kabla ya kufyatuka kiti kilikuwa juu ya reli ambayo imepimwa kwa usahihi wa hali ya juu, kwa hivyo kompyuta tayari inajua njia, kilichobaki ni umbali. Tatu, inaweza kuusoma mkanda kinyumenyume. Inaanzia mwisho, mwanasesere akiwa ananing'inia kwa utulivu na setilaiti zinasikika vizuri, kisha inarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye ule mlipuko. Panapokatika ukienda mbele, mara nyingi panaunganika ukirudi nyuma. Na antena huwekwa zaidi ya moja, ili yoyote itakayobahatika kutazama juu ifanye kazi.

Kuna kikwazo kingine cha kisiasa. Vipokezi vingi vinavyouzwa kwa raia vimewekewa kikomo: ukizidi kama kilomita 1,900 kwa saa, au urefu wa mita 18,000, vinanyamaza. Hofu ni kwamba mtu atajitengenezea kombora. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa hata ikiyaharibu mawimbi ya raia makusudi, na sote tulikuwa tukikosea kwa mita nyingi. Majaribio ya viti yako chini ya kikomo hicho cha kasi, kwa bahati nzuri.

Unapata nini mwishoni? Kwanza, njia ya kiti: kilipita juu ya mkia wa ndege kwa mita ngapi, maana kufyatuka halafu ukagonga mkia wako mwenyewe ni kazi bure. Kwenye ndege ya watu wawili unaona kama viti viwili vilitawanyika au vilikaribia kugongana. Unapata urefu wa juu kabisa kiti kilipofika. Na unapata saa moja kwa wote. Kamera, vihisi vya shingo, swichi za parachuti, kila kimoja kilikuwa na saa yake. GPS inavipa saa moja, hivyo shingo ikionyesha pigo, unajua kwa hakika parachuti ilikuwa imefunguka kiasi gani wakati huo, na mwili ulikuwa ukienda kasi gani kuelekea wapi.

Hilo la mwisho ndilo la uhai na kifo. Kumbuka GPS haipimi shingo. Inayopima shingo ni ile sensa iliyo shingoni. Lakini sensa ya shingo inakuambia tu kwamba imeumia. Kama unataka kujua ufanye nini, lazima ujue mahali na kasi.

Angalia walivyoitoa F-35 shimoni. Mtu mwepesi alikuwa akifanya kiti kijipindue zaidi hewani, na parachuti kubwa ilipofunguka kichwa chenye helmeti nzito kilitupwa vibaya. Dawa moja ilikuwa wazi: chelewesha parachuti kwa watu wepesi, mwendo upungue kwanza. Sawa, lakini uicheleweshe kwa muda gani? Ukiwahi, shingo. Ukichelewa, ardhi. Mtu anayeshuka kwa mita 30 kwa sekunde, ukimchelewesha nusu sekunde umemnyang'anya mita 15, jengo la orofa tano. Kama ndege ilikuwa chini, huenda orofa hizo tano ndizo alizokuwa nazo. Hakuna mtu anayeweza kukisia jibu la hapo. Unalipata kwa kurusha wanasesere tena na tena, ukijua kila mara walikuwa wapi.

Mabadiliko yakawa matatu. Kwenye kiti ikawekwa swichi ya marubani wepesi, inayochelewesha parachuti kubwa. Kati ya kamba za parachuti kikashonwa kitambaa cha kukinga kichwa kisirushwe nyuma. Na helmeti ikapunguzwa, kutoka karibu kilo 2.3 hadi karibu 2.1. Gramu 200 unaziona ndogo, lakini zidisha mara 15 ni kilo 3 nzima zilizotolewa shingoni. Mei 2017 marufuku ikaondolewa.

Ukitaka kuionja kazi hii bila roketi, inawezekana. Simu za Android kuanzia toleo la 7 zinaruhusu programu kusoma vipimo vibichi vya GPS, na Google ina programu ya bure iitwayo GnssLogger inayovirekodi. Uwe na simu inayokubali, kaa dirishani kwenye matatu ya Thika Road, iwashe. Utaona kila setilaiti ikihama kwenye "stesheni" yake kwa sababu yenyewe inakimbia karibu kilomita 4 kwa sekunde, na juu ya hilo, kijikosa kidogo kinachoongezeka dereva akikanyaga mafuta na kushuka akifunga breki. Hicho ndicho ambacho kompyuta ya kule Utah huchambua. Ila funga mkanda kwanza, maana kuna madereva wa njia hiyo ambao hata Stapp angeomba kushuka Muthaiga.